Kwa Nini Maoni ya PDF Hayafiki Kwenye Karatasi

Faili la PDF lenye maoni linaweza kufika Gisenyi, nchini Rwanda, likiwa zima, likafunguka vizuri, kisha likatoka kwenye printa bila neno hata moja la yule aliyelisahihisha. Wanaofanya kazi kwenye papeteri, maduka ya fotokopi na uchapaji yaliyo karibu na shule, ofisi na njia ziendazo mpakani, wanalijua tatizo hili. Mwanafunzi analeta memwari yake, yaani kazi ya utafiti ya kumaliza masomo, kwenye flashi. Kurasa zinatoka zikiwa na mistari ya njano iliyogeuka kijivu, na vialama vidogo pembeni mwa aya, lakini kile mwalimu alichokiandika ndani ya vialama hivyo hakionekani popote.

“Kaka, mbona maneno ya mwalimu hayajatoka?”

“Hayamo kwenye faili, dada. Mwambie akutumie upya.”

Jibu hilo hutolewa kwa nia njema, nalo si sahihi. Maneno yamo. Mwalimu akituma upya, faili lilelile litarudi na matokeo yaleyale, na muda utakuwa umepotea kwa mtu ambaye tarehe ya kutetea kazi yake inamkaribia. Kwa hiyo kuna maswali mawili ya kujibu: inakuwaje kitu kilichomo kwenye faili kisionekane, au kionekane kwenye skrini na kikatae kuchapwa? Na mzigo wa kuhakikisha kinafika kwenye karatasi ni wa nani?

PDF ilibuniwa ili ukurasa usibadilike. John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Adobe, aliandika wazo lake mwaka 1991 katika mradi alioupa jina la Camelot: hati itoke kwenye mashine yoyote, iende kwenye mashine nyingine yoyote, na ionekane na kuchapwa vilevile. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1993. Mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, na toleo lake la pili likafuata mwaka 2017. Kwa upande wa ukurasa wenyewe, ahadi ya Warnock imetimizwa kwa kiasi kikubwa. Barua iliyoandaliwa Kigali inachapwa Gisenyi ikiwa na herufi zilezile na mistari ileile, na kwa sababu hiyo serikali, benki na vyuo vimeikubali PDF.

Maoni hayakupewa ahadi hiyo. Ndani ya faili, ukurasa una maandishi na picha zake, halafu una orodha ya pembeni ya vitu vilivyowekwa juu yake, kama nailoni angavu inavyolazwa juu ya ramani ili mtu aandike bila kuiharibu ramani. Maoni yote yanakaa kwenye nailoni hiyo. Katika toleo la mwaka 1993 vitu hivyo vilikuwa vya aina mbili tu, yaani kibandiko cha maandishi na kiungo. Leo kiwango kinataja zaidi ya aina 20: alama ya kuangazia, mstari wa kukata neno, mchoro wa mkono, mhuri, kisanduku cha maandishi, faili lililoambatishwa, hata sauti. Kila aina ina tabia yake, na programu inayofungua faili inaamua ni zipi itazionyesha na kwa namna gani.

Kibandiko, ambacho wasimamizi wengi wa memwari wanakipenda kwa sababu ni rahisi kukitumia, ndicho kinacholeta hasara kubwa zaidi. Kina sehemu tatu: alama ndogo inayokaa ukurasani, maneno yaliyohifadhiwa ndani yake, na kidirisha kinachofunguka mtu akibofya. Alama ni picha, nayo inaweza kuchapwa. Maneno ni data tu. Kidirisha ni chombo cha skrini, na kwa kawaida hakiendi kwenye printa. Ndiyo maana karatasi inatoka na alama pasipo maneno: printa imepewa kile kilichokuwa na umbo ukurasani.

Juu ya hilo kuna kiashiria kimoja ambacho watu wachache sana wamewahi kukiona. Kila alama ya maoni ina namba inayoeleza jinsi ya kutendewa: ifichwe au isifichwe, ikuzwe pamoja na ukurasa au ibaki na ukubwa wake, ichapwe au isichapwe. Ukifungua faili ambalo halijabanwa kwa programu ya kuandikia maandishi matupu, unaweza kukuta penye kibandiko pameandikwa /F 28. Hiyo ni 4, 8 na 16 zikijumlishwa: chapa, usikuze, usizungushe. Ikikosekana ile 4, kiwango kinaagiza kwamba alama hiyo isichapwe kamwe, hata kama inaonekana waziwazi kwenye skrini. Programu iliyotengeneza maoni ikisahau kuweka namba hiyo, mchapaji wa Gisenyi anaweza kubadilisha wino, karatasi na hata printa, na alama haitatoka.

Kisha kuna suala la umbo. Programu makini, ikiweka duara jekundu au mstari wa njano, huhifadhi ndani ya faili picha kamili ya alama hiyo ili kila programu nyingine iichore vilevile. Kwa miaka mingi kiwango hakikulazimisha jambo hilo kwa aina nyingi za maoni. Palipokosekana picha, kila programu ilijichorea kwa jinsi ilivyoelewa, au haikuchora kabisa. PDF 2.0 ya mwaka 2017 ililazimisha picha hiyo kwa karibu aina zote, lakini mafaili ya zamani na programu za zamani bado zinazunguka, na papeteri nyingi hazina sababu ya kubadilisha kompyuta ambayo bado inachapa.

Tofauti kati ya programu ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Msimamizi ameandika maoni yake kwa Acrobat, programu ya Adobe. Mwanafunzi anayasoma kwenye simu, kupitia faili lililotumwa kwa WhatsApp, na programu ya simu yake inaweza kumwonyesha ukurasa mtupu usio na maoni. Mchapaji analifungua kwenye kivinjari, maana kompyuta za siku hizi hufungua PDF kwa Chrome au Edge bila kuuliza. Firefox ina kisomaji chake cha PDF tangu mwaka 2013, na tangu mwaka 2022 inaruhusu kuongeza maandishi na michoro juu ya ukurasa. Visomaji hivi ni vyepesi na vinafaa kwa kusoma. Lakini uchapaji wa maoni haukuwa shabaha yao kuu, na mtu anayetafuta chaguo la kuchapa maneno yaliyo ndani ya vibandiko hatalipata mahali anapolitarajia.

Acrobat Reader inalo, nayo ni ya bure. Katika dirisha la kuchapa kuna sehemu iliyoandikwa “Comments & Forms”. Hapo mtu anachagua kuchapa hati peke yake, hati pamoja na alama zake, au hati pamoja na mihuri. Kando yake kuna kitufe cha kutengeneza muhtasari wa maoni, na hicho ndicho dawa. Kinakusanya maneno yote ya vibandiko, kinayapanga kwa kurasa, kinataja jina la mwandishi wa kila oni, na kinayatoa katika kurasa zinazochapika. Upo pia mpangilio, ndani ya mapendeleo ya programu, unaoagiza vidirisha vichapwe pamoja na ukurasa, ila mara nyingi hufunika maandishi yaliyo chini yake. Muhtasari ni bora. Mchapaji anayekijua kitufe hiki anatatua kwa dakika chache kile ambacho mwenzake wa duka la pili anakitangaza kuwa hakiwezekani.

Je, hili si jambo dogo? Huko ambako maoni yanasomwa na kujibiwa kwenye skrini tangu mwanzo hadi mwisho, pengine ni dogo. Kwetu karatasi bado ina mamlaka. Memwari inasainiwa kwenye karatasi, mkataba unapigwa mhuri kwenye karatasi, na mwanafunzi asiye na kompyuta nyumbani anasahihisha kazi yake usiku akiwa na karatasi na kalamu, kisha anarudi dukani kulipia muda wa mashine. Kwa huyu, oni ambalo halikuchapwa ni oni ambalo halikutolewa. Anarudisha kazi akidhani ametimiza yote, na msimamizi anamwona mkaidi. Nimelitazama jambo hili kwa muda, na naamini sehemu ya ugomvi kati ya wanafunzi na wasimamizi wao inaanzia hapa, kwenye vidirisha vilivyobaki vimefungwa.

Gisenyi ina mazingira yanayolizidisha tatizo. Mji huu umeungana na Goma ya Congo kiasi kwamba mgeni anaweza kuona mji mmoja wenye mpaka katikati, na hati zimezoea kuvuka hapa. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliyoundwa Septemba 1976 na Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo, iliweka makao yake hapa. Wanafunzi, wafanyabiashara na watumishi wa mashirika wanapita kwenye vivuko vya mpaka vya Petite Barrière na Grande Barrière wakiwa na karatasi mkononi au mafaili kwenye simu. Vita vilipoifikia Goma Januari 2025, wengi walivuka kuja upande huu, na mtu anayekimbia hubeba simu kabla ya kubeba kabati la mafaili.

Upande wa Congo kompyuta zinasema Kifaransa. Upande wa Rwanda, tangu Kiingereza kilipofanywa lugha ya kufundishia kwa uamuzi wa mwaka 2008, kompyuta nyingi zinasema Kiingereza. Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017 na ndicho wanachoelewana watu wa pande zote mbili, hakimo kwenye dirisha la kuchapa la Acrobat. Basi msimamizi wa Goma akimwelekeza kwa simu mwanafunzi aliye Gisenyi, anataja kitufe kwa jina ambalo mwanafunzi halioni kwenye skrini yake. Hapo maelekezo mazuri kabisa yanaishia njiani.

Kompyuta za pamoja nazo zina athari yake. Kila oni linabeba jina la mtu aliyeliandika, na jina hilo linatoka kwenye akaunti ya kompyuta au ya programu. Ofisini au kwenye saiba, akaunti inaweza kuitwa User au jina la kampuni iliyotengeneza mashine. Wasomaji watatu wa kazi moja wakitumia mashine za namna hiyo, muhtasari unatoka ukiwa na maoni mengi ya mtu mmoja anayeitwa User, na mwanafunzi hajui lipi ni la msimamizi wake na lipi ni la mjumbe wa jopo. Hata muhtasari mzuri unakuwa na kasoro hapo, na dawa yake ni kuandika herufi za jina mwanzoni mwa kila oni.

Rangi pia zinapotea. Printa nyingi za leza madukani ni za wino mweusi, na uchapaji wa rangi ni ghali. Msimamizi aliyeweka njano kwa makosa ya lugha, kijani kwa marejeo na nyekundu kwa hoja dhaifu ametunga mfumo ambao karatasi ya Gisenyi itaugeuza kuwa vivuli vitatu vya kijivu vinavyofanana. Njano hafifu inaweza isionekane kabisa. Nyekundu iliyokolea inaweza kufunika maneno yenyewe.

Kwenye michoro ya ujenzi hatari ni ya aina nyingine. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko iliyofuata ilipasua nyumba na barabara za Gisenyi, na mji ukakumbushwa umejengwa juu ya ardhi gani. Miaka miwili baadaye, Mei 2023, mafuriko yaliharibu nyumba nyingi za Rubavu, wilaya ulimo mji huu, kandokando ya mto Sebeya. Katika mji kama huu, mhandisi anayekagua mchoro wa PDF na kuzungushia nguzo moja duara, akiandika ndani ya kidirisha kwamba nondo ziongezwe, anatoa agizo linalohusu uhai wa watu. Fundi aliye kwenye kiwanja hana skrini. Ana karatasi aliyopewa. Duara lisipochapwa, au likichapwa bila maneno, nguzo itajengwa kama ilivyochorwa mwanzo. Kwa michoro sioni nafasi ya mjadala: agizo la mkaguzi liandikwe ndani ya mchoro wenyewe, lipewe namba na tarehe, na lisiachwe kamwe ndani ya kidirisha.

Watu hawakai bure wakisubiri ufundi uwaokoe, wanatafuta njia. Iliyoenea ni kupiga picha ya skrini kila kidirisha kikiwa wazi, kisha kuzituma picha kwa WhatsApp na kuzichapa. Ni kazi ndefu, lakini inaokoa maneno, na sioni sababu ya kumlaumu anayeitumia. Njia ya pili ina hatari: kulichapa faili kuwa PDF mpya, kwa ile printa ya bandia iliyomo kwenye Windows tangu toleo la 10. Wanaoifanya wanaamini wanayabandika maoni ukurasani ili yasipotee. Alama na mistari kweli inakuwa sehemu ya ukurasa. Maneno ya vidirisha, kwa kuwa hayakuwa na umbo, yanaachwa nje, na faili jipya halina tena data yake. Mtu akifuta faili la kwanza, maoni yamekwisha. Yeyote anayetumia njia hii ahifadhi faili la asili kwanza.

Upande wa pili wa sarafu hii ni maoni yanayoonekana pale yasipotakiwa. Kwa kuwa yamo kwenye faili hata yasipoonekana, yanasafiri nalo. Ofisa aliyeandika kwenye rasimu kwamba bei ya mzabuni fulani inatia shaka, kisha akaituma rasimu hiyo nje akidhani ni safi kwa sababu kivinjari chake hakionyeshi kitu, ametoa siri kwa mtu yeyote mwenye programu bora kuliko yake. Mwaka 2005 jeshi la Marekani lilitoa ripoti juu ya kuuawa kwa Nicola Calipari, ofisa wa ujasusi wa Italia, mjini Baghdad, ikiwa na sehemu zilizofunikwa kwa rangi nyeusi. Wasomaji walinakili maandishi yaliyokuwa chini ya weusi huo, wakayabandika kwingine, yakasomeka. Chanzo ni kilekile: kilichowekwa juu ya ukurasa hakiubadilishi ukurasa. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, namba 058/2021 ya Oktoba 2021, na ofisi inayoacha maoni kuhusu raia ndani ya mafaili inayoyasambaza inapaswa kujiuliza inasimama wapi mbele ya sheria hiyo. Papeteri nazo zijiulize, maana mafaili ya wateja yanabaki kwenye kompyuta zao hata mteja akishaondoka.

Waliotunga kiwango cha kuhifadhi hati kwa miaka mingi, PDF/A, waliliona tatizo la uchapaji mapema. Toleo lake la kwanza, la mwaka 2005, linataka kila alama inayoruhusiwa iwe na kiashiria cha kuchapwa na isifichwe. Yaani kinachoonekana lazima kiweze kuchapwa. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya makavazi, na PDF za kawaida hazibanwi nayo, lakini inaonyesha kwamba tatizo halikutokana na ugumu wa ufundi. Watengenezaji wa programu waliachiwa hiari, na kila mmoja akachagua lake.

Nani basi abebe mzigo? Leo unabebwa na mwanafunzi, fundi na kijana wa papeteri, watu walio mwisho wa njia, ambao hawakuchagua programu wala hawajui kilichomo ndani ya faili. Huo ni mgawanyo mbaya. Mwanafunzi hawezi kudai maneno asiyojua kwamba yapo. Anayejua yapo ni mmoja tu, yule aliyeyaandika. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kuhakikisha yanafika, na kwa gharama ndogo kuliko mtu mwingine yeyote katika mlolongo huu.

Kwake kazi si kubwa. Badala ya kibandiko atumie kisanduku cha maandishi kinachokaa ukurasani, au atengeneze muhtasari wa maoni na kuutuma pamoja na faili. Akiandika maoni yake katika LibreOffice, anapohamisha hati kuwa PDF achague maoni yawekwe pambizoni. Asitegemee rangi peke yake. Ayape maoni namba, ili mwanafunzi akikuta 14 inafuatwa na 16 ajue kuna lililopotea. Mchapaji naye afungue PDF yenye maoni kwa Reader, si kwa kivinjari, na amwonyeshe mteja onyesho la awali kabla ya kutumia karatasi yake. Asiyeona maoni asiseme hayamo. Aseme programu hii haiyaonyeshi.

Kwa vyuo vya Gisenyi na Goma nina ombi moja. Miongozo yenu ya memwari inaeleza upana wa pambizo, ukubwa wa herufi na rangi ya jalada. Ongezeni humo sentensi moja: msimamizi atarudisha kazi ikiwa na orodha ya maoni yake inayoweza kuchapwa, yenye jina lake na namba za kurasa.